Bei ya Gurei huanzia baharini: nguvu za majini na mzigo wa mfanyabiashara

JUBA, Sudan Kusini – Mtaa wa Gurei, ulioko magharibi mwa jiji la Juba, uko zaidi ya kilomita 1,600 kwa barabara kutoka bandari ya Mombasa. Hakuna manowari inayoonekana kutoka hapo, na wengi wa wanaonunua unga, mchele, sukari na mafuta ya kupikia katika maduka yake hawajawahi kuiona bahari. Hata hivyo, bei ya bidhaa hizo hupanda na kushuka kutokana na mambo yanayotokea majini: nani analinda njia za meli, nani ana uwezo wa kuzifunga, na nani analipa gharama ya hatari hiyo.

Kwa hiyo habari za majeshi ya majini si za wanajeshi peke yao. Mwenye duka la jumla aliyekubali oda kwa bei isiyobadilika, au msafirishaji aliyefunga mkataba wa malori kumi kwa tarehe maalumu, anaweza kupoteza mtaji kwa sababu ya kombora lililorushwa katika mlango wa bahari ambao hajawahi kuusikia. Makala haya yanaeleza nguvu za baharini ni nini, zimeigusaje Sudan Kusini tangu zamani hadi miaka ya karibuni, na mfanyabiashara anaweza kujikinga vipi.

Nguvu za baharini ni nini?

Watu wengi wakisikia habari za jeshi la majini hufikiria manowari kubwa zikipigana kwa mizinga. Mapigano ya namna hiyo hutokea mara chache sana. Kazi ya kila siku ya jeshi la majini ni kuhakikisha kwamba meli za upande wake zinapita salama na, ikibidi, kwamba za adui hazipiti.

Waandishi wawili ndio wanaotajwa zaidi katika somo hili. Wa kwanza ni Alfred Thayer Mahan, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, aliyetoa kitabu chake maarufu mwaka 1890. Hoja yake ilikuwa kwamba taifa linalotaka utajiri na ukuu linahitaji biashara ya baharini, na biashara hiyo inahitaji meli, bandari na jeshi imara la kuilinda. Wa pili ni Mwingereza Julian Corbett, aliyeandika mwaka 1911. Yeye alikumbusha kwamba binadamu haishi majini bali nchi kavu, kwa hiyo faida kubwa ya bahari ni kupita juu yake. Anayesema anaitawala bahari, kwa kweli anatawala njia.

Dereva wa lori anayepita Elegu na Nimule analielewa jambo hili bila kusoma vitabu hivyo. Barabara ya kutoka Nimule hadi Juba, yenye urefu wa takriban kilomita 190, ilikamilika kuwekewa lami mwaka 2012. Lakini lami peke yake haifikishi mzigo. Aprili 2021, baada ya madereva kuuawa katika barabara za Sudan Kusini, madereva wa Kenya na Uganda waligoma kuvuka mpaka na malori yakapanga foleni ndefu upande wa Elegu. Barabara haikuwa imebomoka wala daraja halikuwa limevunjika. Kilichokosekana ni usalama wa kupita, na bei sokoni zikaguswa.

Baharini mambo ni yale yale, isipokuwa jambo moja: bahari ni pana na hakuna jeshi linaloweza kuilinda yote. Ndiyo maana wapanga mikakati huelekeza macho kwenye sehemu nyembamba ambazo meli hazina budi kupita. Kwa mizigo inayokuja Afrika Mashariki, nne ni muhimu zaidi. Mlango wa Hormuz ndio njia ya kutokea Ghuba, yalipo mafuta. Mlango wa Bab el-Mandeb, wenye upana wa takriban kilomita 30 kati ya Yemen na pwani ya Djibouti na Eritrea, ndio wa kuingilia Bahari ya Shamu kutoka kusini. Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869, ndio wa kutokea kaskazini. Mlango wa Bosporus, katika jiji la Istanbul, ndio unaopitisha ngano ya Urusi na Ukraine kutoka Bahari Nyeusi.

Pasi ya Wareno

Kulipia njia ya bahari si jambo jipya katika pwani hii. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Miaka saba baadaye, mwaka 1505, kikosi cha meli za Francisco de Almeida kilishambulia Kilwa, kisha Mombasa. Wareno walikuwa wachache na hawakuweza kuitawala nchi kavu, lakini walikuwa na meli zenye mizinga, na hizo ziliwatosha kudhibiti njia.

Waliweka utaratibu wa hati iliyoitwa cartaz. Nahodha wa jahazi aliyetaka kufanya biashara katika Bahari ya Hindi alipaswa kuwa na hati hiyo, aliyoilipia, na kupita katika bandari walizotaka wao ili walipwe ushuru. Aliyekamatwa bila hati aliweza kunyang'anywa shehena pamoja na chombo. Wafanyabiashara wa Gujarati, Arabuni na Waswahili waliojua njia hizo kwa karne nyingi wakajikuta wanalipia kupita mahali walipokuwa wakipita bure.

Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu kwenye mlango wa bandari ya Mombasa. Ngome hiyo ilikuwa imara, lakini uhai wake ulitegemea askari na chakula kilicholetwa kwa meli kutoka Goa, India. Waomani walipoizingira kuanzia Machi 1696, mzingiro ulidumu hadi Desemba 1698, ngome ilipoanguka. Kuta hazikuwasaidia waliokuwa ndani pale msaada kutoka baharini ulipokuwa haba na wa kuchelewa.

Fashoda: manowari zisizofika Nile zilipoamua mambo ya Nile

Msomaji wa Juba anaweza kusema kwamba hizo ni habari za pwani. Lakini mwaka 1898 nguvu za baharini ziliamua hatima ya Nile ya Juu, ndani kabisa ya bara.

Mnamo Julai 10 mwaka huo, ofisa wa Kifaransa Jean-Baptiste Marchand alifika Fashoda, mji ambao leo unaitwa Kodok katika jimbo la Upper Nile. Alikuwa na kikosi kidogo cha askari wa Kiafrika, baada ya safari ya karibu miaka miwili kutoka pwani ya Atlantiki. Alipandisha bendera ya Ufaransa. Septemba 19, Jenerali Kitchener wa Uingereza alifika hapo akitokea Omdurman, alikoshinda vita mapema mwezi huo, akiwa na boti za mizinga na askari wengi zaidi.

Majemadari hao wawili walizungumza kwa adabu na hakuna aliyefyatua risasi. Kilichofuata kiliamuliwa mbali na Fashoda. Uingereza iliweka tayari jeshi lake la majini, lililokuwa kubwa kuliko yote duniani wakati huo. Serikali ya Ufaransa ilipiga hesabu: vita vikianza, meli zake zisingeweza kupambana na za Uingereza, makoloni yake yangekatwa na nyumbani, na kikosi cha Marchand kisingepata msaada wowote. Mapema Novemba iliamua kumwondoa Marchand, naye akaondoka Desemba. Machi 1899 nchi hizo zikakubaliana kuhusu mpaka wa maeneo yao.

Hivyo nchi ambayo leo ni Sudan Kusini ilibaki upande wa Waingereza kwa sehemu kubwa kwa sababu ya manowari zilizokuwa bandarini Ulaya. Hazikuhitaji kupanda Nile wala kufyatua mzinga. Ilitosha kwamba upande wa pili ulijua hauwezi kupita baharini.

Faina: mzigo wa Juba mikononi mwa maharamia

Miaka 110 baadaye, Sudan Kusini iliguswa tena. Septemba 25, 2008, maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya MV Faina iliyokuwa ikielekea Mombasa. Ndani yake mlikuwa na vifaru 33 aina ya T-72 pamoja na silaha nyingine kutoka Ukraine. Serikali ya Kenya ilisema mzigo ni wake, lakini hati za shehena zilizotajwa katika vyombo vya habari zilikuwa na herufi GOSS, ambazo wengi walizisoma kuwa Serikali ya Sudan Kusini. Nyaraka za ubalozi wa Marekani zilizovuja mwaka 2010 nazo zilionyesha kwamba vifaru hivyo vilikuwa vya Juba.

Manowari za Marekani ziliizunguka Faina ili silaha zisishushwe, lakini hazikuivamia kwa sababu ya mabaharia waliokuwa wameshikwa. Meli iliachiwa Februari 5, 2009, baada ya kikombozi kilichoripotiwa kuwa dola milioni 3.2, na ikafika Mombasa wiki iliyofuata. Watu wachache wenye boti ndogo, bunduki na ngazi walikuwa wameishikilia meli hiyo kwa zaidi ya miezi minne mbele ya macho ya jeshi la majini lenye nguvu kuliko yote duniani.

Novemba 2008 maharamia waliiteka meli kubwa ya mafuta ya Saudi Arabia, Sirius Star, umbali wa mamia ya maili kusini-mashariki mwa Mombasa. Uharamia ulifikia kilele mwaka 2011, ambapo Shirika la Kimataifa la Masuala ya Baharini, IMB, lilihesabu mashambulizi 237 yaliyohusishwa na maharamia wa Kisomali. Mwaka 2013 idadi ilishuka hadi 15.

Kushuka huko hakukuja kwa bahati. Umoja wa Ulaya ulianzisha operesheni ya Atalanta Desemba 2008, ikiwa na jukumu la kulinda kwanza meli za chakula cha msaada. India, China, Japan na nchi nyingine zilituma manowari. Meli zikaweka walinzi wenye silaha, seng'enge na mabomba ya maji, na zikapita kwa misafara, jambo ambalo dereva wa Nimule analijua vizuri. Gharama hizo zote zililipwa na mtu fulani. Baadhi ya kampuni za meli ziliongeza ada ya uharamia juu ya nauli ya kila kontena, na ada hiyo ikaishia kwa mnunuzi.

Asiye na manowari naye aweza kufunga njia

Tangu mwaka 2022 dunia imeona mabadiliko makubwa. Zamani aliyetaka kufunga bahari alihitaji meli nyingi. Sasa hata asiye na jeshi kubwa la majini anaweza kumnyima mwenzake njia.

Katika Bahari Nyeusi, Ukraine ilikuwa karibu haina manowari baada ya vita kuanza Februari 2022, na bandari zake za ngano zikafungwa. Lakini Aprili 2022 iliizamisha Moskva, meli kuu ya kikosi cha Urusi katika bahari hiyo, kwa makombora ya kurushwa kutoka nchi kavu. Makubaliano ya kupitisha nafaka yaliyosimamiwa na Umoja wa Mataifa na Uturuki yalidumu kuanzia Julai 2022 hadi Julai 2023, Urusi ilipojitoa. Mwezi uliofuata Ukraine ilifungua njia yake yenyewe kandokando ya pwani, kwa sababu makombora na boti zake zisizo na mabaharia zilikuwa zimezilazimisha meli za Urusi kukaa mbali.

Katika Bahari ya Shamu, wapiganaji wa Houthi wa Yemen waliiteka meli ya Galaxy Leader Novemba 19, 2023, wakisema wanaunga mkono Wapalestina wa Gaza. Kisha wakaanza kushambulia meli za biashara kwa makombora na ndege zisizo na rubani. Meli ya Rubymar, iliyobeba takriban tani 21,000 za mbolea, ilipigwa Februari 2024 na kuzama Machi 2. Siku chache baadaye mabaharia watatu wa meli ya True Confidence waliuawa. Julai 2025 meli za Magic Seas na Eternity C zilizamishwa katika wiki moja.

Marekani na washirika wake walianzisha operesheni ya ulinzi Desemba 2023, na Umoja wa Ulaya ukaanzisha yake Februari 2024. Manowari ziliangusha makombora mengi, lakini kampuni kubwa za kontena hazikurudi. Kwa mwenye meli, ulinzi wa asilimia 90 bado unaacha hatari ya kupoteza chombo na watu. Wengi walichagua kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari inayoongeza siku 10 hadi 14 kati ya Asia na Ulaya. Mapato ya Mfereji wa Suez yalianguka kutoka takriban dola bilioni 10 mwaka 2023 hadi takriban bilioni 4 mwaka 2024.

Mfanyabiashara wa Gurei anayeagiza bidhaa Guangzhou au Mumbai huuliza swali la haki: "Mzigo wangu haupiti Bahari ya Shamu. Kwa nini nauli imepanda?" Jibu ni kwamba meli zote ni za soko moja. Meli ikitumia wiki mbili zaidi kufika Ulaya, safari zake kwa mwaka hupungua, na kampuni huchukua meli kutoka njia nyingine ili kuziba pengo. Makontena matupu nayo huchelewa kurudi China. Anayepakia kwenda Mombasa anagombea nafasi na anayepakia kwenda Rotterdam, na mwenye kulipa zaidi ndiye anayetangulia.

Mafuta: njia mbili, hatari mbili

Sudan Kusini inaitegemea bahari kwa pande zote mbili. Mafuta ghafi yake hutoka kwa mabomba hadi pwani ya Bahari ya Shamu karibu na Port Sudan, kisha hupakiwa melini. Petroli na dizeli inazotumia huja kutoka nje, kwa sehemu kubwa kupitia Kenya na Uganda.

Njia ya kutokea imefungwa zaidi ya mara moja. Januari 2012 Juba ilisimamisha uzalishaji kutokana na mgogoro wa ada na Khartoum, na mafuta hayakuanza kutiririka tena hadi Aprili 2013. Februari 2024, wakati wa vita vya Sudan, bomba kubwa linalotoka Upper Nile liliharibika. Mafuta ya eneo hilo ni mazito na huganda yasipopashwa moto, na vituo vya kusukuma vilikuwa vimekosa dizeli. Mwezi huo huo meli za mafuta zilikuwa zikiogopa kuingia Bahari ya Shamu. Usafirishaji uliruhusiwa tena Januari 2025, lakini Mei 2025 ndege zisizo na rubani zilishambulia Port Sudan kwenyewe.

Mwenye duka Gurei haoni bomba wala meli hiyo, lakini anaona dola. Mafuta ndiyo chanzo kikuu cha fedha za kigeni za nchi. Yasipopakiwa, dola huadimika na pauni ya Sudan Kusini hushuka, kama ilivyotokea mwaka 2024. Anayeuza kwa pauni na kununua kwa dola ndiye anayeumia kwanza.

Njia ya kuingilia nayo ina mlango wake. Sehemu kubwa ya mafuta yaliyosafishwa yanayoshushwa Mombasa hutoka nchi za Ghuba, na mengi hupitia Hormuz. Vita kati ya Israel na Iran vilipozuka Juni 2025, bei ya mafuta ghafi duniani iliruka ndani ya saa chache, hata kabla ya meli yoyote kuzuiwa. Woga peke yake ulitosha.

Gharama inavyosafiri hadi Gurei

Ili kuelewa jinsi hatari ya baharini inavyogeuka kuwa bei, chukua mfano wa hesabu rahisi. Mfanyabiashara ananunua kontena la futi 20 lenye tani 25 za mchele, yaani magunia 500 ya kilo 50, kwa mtaji wa dola 20,000. Kila gunia limemgharimu dola 40.

Nauli ikiongezeka dola 1,500, kila gunia linabeba dola 3 zaidi. Kama ushuru unahesabiwa kwa thamani inayojumuisha nauli na bima, kama Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inavyoelekeza kwa mizigo ya meli, na kiwango ni asilimia 25, basi ongezeko la nauli linatozwa ushuru pia: senti 75 kwa gunia. Meli ikichelewa wiki tatu na mtaji ni wa mkopo wa asilimia 2 kwa mwezi, riba inaongeza takriban senti 60.

Jumla ni dola 4 na senti 35 kwa gunia, zaidi ya asilimia 10 ya bei ya kununulia, kabla lori halijawashwa Mombasa. Ikiwa alitarajia faida ya dola 3 kwa gunia na alishapokea malipo ya awali kwa bei ya zamani, ameuza kwa hasara. Wala hakuna aliyemwibia.

Mfanyabiashara na msafirishaji wafanye nini?

Hakuna mfanyabiashara wa Juba anayeweza kutuma manowari Bab el-Mandeb. Anachoweza kufanya ni kujua hatari iko kwa nani katika kila hatua ya safari, na kuiandika kabla ya kulipa.

Kwanza, asome masharti ya ununuzi. Akinunua kwa FOB, nauli ni juu yake, na ada ya vita ikitangazwa katikati ataibeba yeye. Akinunua kwa CIF, muuzaji hulipa nauli na bima hadi bandari iliyotajwa, lakini hatari ya mzigo huhamia kwa mnunuzi tangu unapopakiwa melini. Wengi hufikiri CIF ina maana kwamba muuzaji anawajibika hadi Mombasa. Sivyo.

Pili, aulize bima ya vita. Bima ya kawaida ya shehena, hata ile pana kuliko zote, haihusishi vita. Kifungu cha vita hununuliwa peke yake. Tena kifungu hicho kwa kawaida hulinda mzigo ukiwa melini tu: hukoma unaposhushwa, au siku 15 baada ya meli kufika bandari ya mwisho kama bado haujashushwa. Maana yake ni kwamba mzigo ulio juu ya lori kati ya Nimule na Juba hauna kinga ya vita kutoka hati hiyo. Msafirishaji na mwenye mzigo wakubaliane mapema nani atakata bima ya barabara.

Tatu, ajue mchango wa hasara ya pamoja. Kwa desturi ya kale ya bahari, nahodha akitumia gharama au kutupa sehemu ya mzigo ili kuokoa chombo kizima, wenye mizigo wote huchangia hasara. Meli ya Ever Given ilipokwama katika Mfereji wa Suez kwa siku sita Machi 2021, mwenye meli alitangaza mchango huo, na wenye makontena wakatakiwa kuweka dhamana kabla ya kukabidhiwa mali zao. Aliye na bima, kampuni ya bima humwekea dhamana. Asiye nayo hutafuta fedha mwenyewe huku kontena likisubiri.

Nne, ahesabu siku. Meli zikibadilishiwa njia huchelewa, kisha hufika kwa pamoja. Bandari hujaa, malori huadimika kwa wiki mbili, kisha hukaa bila kazi. Mwenye mzigo aombe siku za bure za kontena za kutosha kwa safari ya kwenda Juba na kurudisha kontena tupu Mombasa, na makubaliano hayo yawe kwa maandishi. Msafirishaji aweke katika mkataba malipo ya kila siku lori linaposubiri, badala ya kutegemea bei ya safari peke yake.

Tano, asitoe bei ya miezi mitatu kwa mzigo ambao haujapakiwa. Bei iwe na tarehe ya mwisho, au iseme wazi kwamba ada mpya ya meli au bima italipwa na mnunuzi. Wateja wengi hukubali wanapoelezwa mwanzoni. Hukasirika wanapoambiwa mzigo umeshafika.

Sita, afuatilie dalili. Katika soko la bima la London kuna Kamati ya Pamoja ya Vita inayotangaza maeneo ya bahari yanayohesabiwa kuwa ya hatari. Eneo likiongezwa kwenye orodha hiyo, mwenye meli hulazimika kuarifu kampuni yake ya bima na kulipa zaidi. Wakati wa mashambulizi ya mapema mwaka 2024, bima ya vita kwa safari moja ya Bahari ya Shamu iliripotiwa kufikia karibu asilimia 1 ya thamani ya meli. Kwa meli ya dola milioni 50, hiyo ni dola 500,000 kwa kupita mara moja.

Bandari nyingine, mlango mwingine

Juba imekuwa ikitafuta njia mbadala. Mradi wa Lamu, ulioanzishwa rasmi Machi 2012 mbele ya viongozi wa Kenya, Sudan Kusini na Ethiopia, ulipata gati lake la kwanza kufanya kazi Mei 2021. Njia ya Djibouti kupitia Ethiopia nayo imezungumzwa kwa miaka mingi.

Katika kuzilinganisha, wengi hutazama kilomita na hali ya barabara. Inafaa kutazama pia bahari iliyo mbele ya kila bandari. Mombasa na Lamu zinatazama Bahari ya Hindi iliyo wazi: meli kutoka India, China au Afrika Kusini inazifikia bila kupita Bab el-Mandeb. Djibouti iko mlangoni kabisa. Ndiyo maana Marekani, Ufaransa, Japan, Italia na China zote zina kambi za kijeshi huko, ya China ikiwa imefunguliwa mwaka 2017. Wingi wa majeshi hayo unaonyesha thamani ya mlango huo, na unaonyesha pia jinsi unavyogombaniwa.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, katika ibara ya 125, unazitambulia nchi zisizo na pwani haki ya kuifikia bahari kupitia nchi jirani. Lakini utekelezaji wake hutegemea makubaliano na jirani mwenye bandari, na haki hiyo haimhakikishii mtu bei wala usalama wa meli yake.

Wareno walitoza hati ya kupita, maharamia walitoza kikombozi, na leo ni ada ya vita kwenye ankara ya nauli. Mwenye duka la Gurei ataendelea kuilipa kwa namna moja au nyingine. Ankara ya mzigo ujao ikifika, mistari ya kuanza kusoma ni ile midogo iliyo chini ya nauli, na mahali pa kuuliza ni kwa wakala, kabla fedha hazijatumwa.